Kutoka Kwale Mpaka Msambweni: Safari ya Barua Mbili

Msomaji ambaye hajapata kufika Kwale aghalabu hudhani kwamba mji huo uko ufuoni mwa bahari, kwa sababu kila mara husikia jina lake likitajwa pamoja na Diani. Sivyo hata kidogo. Kwale iko juu ya Vilima vya Shimba, na asubuhi za miezi ya kusi ukungu huteremka mpaka juu ya mabati ya nyumba, hata mgeni atokaye Mombasa na shati lake jepesi hujikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Kando ya mji ndipo ulipo msitu wa hifadhi uliotangazwa na Serikali mwaka 1968, ambamo mna tembo wengi na palahala, mnyama ambaye katika nchi yote ya Kenya haonekani porini mahali pengine ila hapo. Na katika vilima hivyo hivyo zimo chemchemi za Marere, ambazo maji yake yamenywewa na watu wa Mombasa tangu zamani za Waingereza, wala si wengi kisiwani wajuao kwamba maji ya chai yao hutoka Kwale.

Lakini sikukusudia kuandika habari za palahala. Safari niliyoifanya mwezi wa Juni ilikuwa na sababu yake, nayo ni barua mbili.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, alimaliza masomo yake ya elimu ya bahari katika Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi. Kisha akakaa nyumbani Kinango mwaka mzima na zaidi, akipeleka maombi ya kazi huku na huku, na majibu yakawa haba kama mvua ya Januari. Halafu katika juma moja zikamjia barua mbili, tena kwa njia ya simu, maana siku hizi hata barua haihitaji stempu. Ya kwanza ilitoka hoteli moja ya Diani. Walimtaka awe karani wa kupokea wageni kwa mkataba wa miezi sita, na mshahara ulikuwa umetajwa waziwazi. Ya pili ilimwarifu kwamba amekubaliwa kusoma shahada ya pili, ambayo wataalamu huiita uzamili, na kwamba utafiti wake ungefanyika katika mikoko ya Gazi. Karo ingelipwa na mradi, lakini yeye mwenyewe angepata posho ya chakula na nauli tu, kwa muda wa miaka miwili. Barua zote mbili zilitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Dada yangu ni mjane, na mtoto wake wa kiume yuko Kidato cha Tatu. Yeye hakuona kwamba pana swali la kuulizwa. Hata hivyo maneno yaliletwa kwangu, maana katika nchi hii mjomba si mtu wa kupitwa. Wadigo wa zamani, kabla sheria ya Kiislamu haijashika katika mambo ya mirathi, walirithishana kwa upande wa mama, mpwa akirithi kwa mjomba wake. Na hata kwetu Waduruma ukoo wa mama una haki zake. Mirathi ya namna hiyo yapungua, lakini desturi ya kumpelekea mjomba mizigo ya karo haijapungua.

Nakiri kwamba nilikwisha kuamua jambo hili hapo mezani pangu ofisini, baina ya faili mbili. Niliona kwamba mshahara ni mshahara. Ndipo binti akaniambia kwa adabu, "Mjomba, kabla hujasema neno, naomba twende tukapaone mahali pote pawili." Sikuweza kulikataa ombi la namna hiyo. Nikaomba ruhusa ya siku mbili.

Tulishika njia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukateremka kwa matatu mpaka njia panda ya Kombani. Mtu apendaye kuwajua vijana wa Kwale na asimame Kombani alfajiri. Hapo ndipo wanapogawanyika. Waendao kulia hushika njia ya Ukunda na mahoteli, nao utawajua kwa suruali nyeusi zilizopigwa pasi na viatu walivyovitia katika mfuko wa nailoni ili visipate vumbi. Waendao kushoto hushika njia ya Likoni, nako hungoja feri ya kuvukia Mombasa kwenye vyuo na ofisi. Wazee wa huku hawaipandi feri bila ya kukumbuka tarehe 29 Aprili 1994, siku feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu 272, wengi wao wakiwa wafanyakazi waliokuwa wakienda kutafuta riziki kisiwani. Siku hizi iko pia barabara ya Dongo Kundu na madaraja yake marefu, lakini mtu wa miguu asiye na motokaa bado ni mtu wa feri.

Elimu ya juu yenyewe imetusogelea si zamani sana. Katika siku za babu zetu, kijana wa Pwani aliyebahatika alisafiri kwa gari la moshi mpaka Kampala kwenda Makerere, na wazazi wake wakamwaga kama mtu aendaye ng'ambo. Mombasa ilikuwa na chuo cha ufundi kilichoanzishwa kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki, kisha mwaka 1972 kikageuzwa kuwa Politekniki. Lakini ilikuwa mpaka mwaka 2013 ndipo chuo hicho na kile cha Kilifi vilipopewa hati za kuwa vyuo vikuu kamili. Kwa hiyo mpwa wangu ni katika kizazi cha kwanza cha watoto wa Kinango walioweza kupata shahada na kurudi nyumbani kwa Idi au Krismasi bila ya kulala njiani.

Katika matatu tulihesabu makaratasi yake. Kijana wa leo anayetafuta kazi hubeba bahasha nene kuliko ya wakili. Mna vyeti vya skuli, cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi, namba ya kodi, na barua ya Bodi ya Mikopo, yaani HELB, kuonyesha kwamba deni la masomo halijasahauliwa. Mkopo huo hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na marejesho huanza mwaka mmoja baada ya mwanafunzi kumaliza, ikiwa amepata kazi au hakupata. Binti alikuwa ameandika hesabu yake yote katika daftari dogo, nami nilipoisoma nilinyamaza mpaka tukapita Tiwi.

Ukunda ni mji wa kelele. Pikipiki, maduka ya simu, harufu ya viazi vya karai na sauti za waadhini huchanganyika pamoja, na ndege za watalii hupita juu ya mapaa zikitafuta uwanja wao mdogo. Lakini ukiteremka kilometa chache tu kuelekea baharini, makelele hukatika, miti inafunga juu ya barabara, na mbega weusi wenye mashavu meupe huvuka kwa ngazi za kamba walizofungiwa juu ya lami ili wasigongwe. Nimepata kusikia mtu akiuliza kwa nini nyani wajengewe madaraja na watoto wa skuli wavuke kwa kukimbia. Ni swali la haki, nami sina jibu lake.

Ufuo wa Diani wenyewe sina haja ya kuusifu, kwa kuwa umesifiwa na watu wengi waliolipwa kwa kazi hiyo. Nitasema tu kwamba upande wa kaskazini, penye mdomo wa mto Mwachema, uko Msikiti wa Kongo uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza, nao ungali ukisaliwa. Na upande wa kusini iko Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ambao mwaka 2008 uliingizwa pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Watalii huingia humo wakiwa wamejifunga kaniki, na anayewaongoza ni kijana wa kijiji. Hiyo nayo ni kazi, tena ya kisomi kwa namna yake, maana yapasa ajue dawa ya kila mti.

Hotelini tulipokewa vizuri. Bwana wa ofisi ya wafanyakazi alituketisha, akatupa maji ya kunywa, akatueleza mambo bila ya kuficha. Mkataba ungeanza Julai, wageni wa kiangazi cha Ulaya wanapoanza kuja, ukaisha baada ya msimu wa Krismasi. Baada ya hapo ingetegemea wageni. Masika yakifika vitanda huwa vitupu, na kuna hoteli zinazofunga milango kabisa mpaka Juni. Aliyasema haya kwa upole, kama mvuvi anayeeleza habari za bamvua na maji mafu, kwamba ndivyo bahari ilivyo.

Nilipotoka nje kumngojea binti amalize kuonyeshwa ofisi, nilizungumza na mhudumu mmoja mtu mzima aliyekuwa akifuta meza. Amefanya kazi Diani zaidi ya miaka 25. Aliona wageni wakikimbia mwaka 1997 baada ya machafuko ya Likoni, akaona tena mwaka 2020 mahoteli yakizimwa taa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, naye akarudi kijijini kulima mihogo. "Lakini nimejenga nyumba Ukunda," akaniambia, "na watoto watatu nimewasomesha kwa sinia hii." Akainua sinia yake nikaiona. Naandika haya kwa sababu wako watu, nami nilikuwa mmoja wao, waliofundishwa katika skuli za misheni kwamba kazi ya heshima ni ile ya kukaa kitini penye wino. Mtu yule hakuwa na kiti, na heshima yake ilikuwa kubwa kuliko yangu.

Nilimwuliza binti amepaonaje. Akasema, "Pazuri, mjomba." Hakuongeza neno, na mimi sikumwongezea.

Adhuhuri tulipanda matatu nyingine kuelekea Msambweni. Kando yangu aliketi kijana mwenye viatu vizito vya kazi vilivyochakaa kwenye ncha. Tulipokuwa tukipita, akanionyesha kwa kidole upande wa bara ambako ulikuwapo mgodi wa titani. Wasomaji watakumbuka kwamba shehena ya kwanza ya mchanga ule wa madini iliondoka bandari ya Likoni mwezi wa Februari 2014, na kwamba uchimbaji ulikoma mwisho wa mwaka 2024 kwa kuwa madini ya kutosha yalikuwa yamekwisha. Familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa ili mgodi upate nafasi. Vijana wengi wa Kwale walipata pale mshahara wao wa kwanza, na wengine ufundi wao wa kwanza. Huyu alikuwa mmoja wao. Nikamwambia pole. Akacheka. "Mchanga uliisha, bwana, lakini kuchomea chuma sijasahau." Alikuwa amefanya kazi Nairobi miezi minne, na sasa alikuwa akirudi kuwaona wazee kabla ya kwenda Uganda, ambako aliitiwa kazi nyingine. Cheti chake kilikuwa kimefunikwa nailoni, amekitia kifuani ndani ya shati.

Jambo hili si geni katika pwani ya kusini. Mbele ya Msambweni, Ramisi, palikuwa na kiwanda cha sukari kilicholisha maelfu ya watu tangu zamani, nacho kikafungwa mwaka 1988. Nyumba za wafanyakazi zikaachiwa magugu. Baadaye kampuni nyingine ikapanda miwa tena na kujenga kiwanda kipya. Lakini mzee wa Msambweni ukimtajia sukari, yeye hukuhadithia ile ya kwanza.

Usiku tulilala Msambweni kwa jirani yetu wa zamani wa Kinango. Mji huu ni mtulivu. Mikorosho na minazi imeuzunguka, na uhai wake mkubwa ni hospitali ya rufaa na chuo cha utabibu kilicho karibu nayo. Mtoto wa mwenyeji wetu ndiyo kwanza ameanza kazi ya uuguzi, ana miezi mitatu. Alirudi saa tatu usiku, akala akiwa amesinzia, kisha akatuhadithia kwa sauti ya chini kwamba juma lile aliufunga kwa mara ya kwanza macho ya mtu aliyekufa mikononi mwake, naye hakujua kama yaruhusiwa muuguzi kulia. Mama yake akamwambia alie tu, hapa si wodini. Yule kijana hakulia, lakini aliacha kula.

Yeye pia ndiye aliyetueleza kwamba Msambweni inajulikana katika vyuo vikuu vya mbali kuliko inavyojulikana Nairobi. Tangu miaka ya 1980 mabingwa wa Kenya na wa Marekani wamekuwa wakichunguza ugonjwa wa kichocho katika vijiji vya hapa, wakipima watoto wa skuli na konokono wa madimbwi, na baadaye wakachunguza pia homa zinazoletwa na mbu. Shahada nyingi za juu zimepatikana kwa mikojo ya watoto wa Msambweni. Nilicheka, lakini binti hakucheka. Akauliza, "Na hao waliopata shahada, wangapi ni wa Msambweni?" Muuguzi akasema hajui, ila aliowaona wakibeba chupa ni wa hapa.

Siku ya pili tulirudi nyuma kidogo mpaka Gazi, kwa kuwa maji yangekuwa yakipwa saa nne. Gazi ni kijiji kikongwe. Hapa ndipo yalipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, kisha akavuka mpaka kuingia nchi ya Wadachi, asirudi tena. Lakini siku hizi mgeni akifika Gazi huulizwa, "Umekuja kwa mikoko?" kama kwamba hapana sababu nyingine. Kiko kituo cha utafiti cha Serikali, na kina mama wamejenga njia ya mbao juu ya matope ili wageni watembee msituni bila ya kuvua viatu, na kiingilio ni chao.

Msitu huo ulikatwa sana hapo zamani kwa ajili ya kuni za viwanda na majengo, hata sehemu nyingine zikabaki uwanja mtupu wa matope. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dakta James Kairo na wenzake walianza kupanda miche pamoja na wanakijiji. Mwaka 2013 ukaanza mradi uitwao Mikoko Pamoja, ambao hulinda hektari 117. Kazi yake yaeleweka hivi: miti hii huvuta hewa ya kaboni na kuificha, si katika shina tu bali zaidi katika matope yaliyo chini yake, ambamo majani na mizizi huoza polepole mno kwa kukosa hewa. Kaboni iliyofichwa hupimwa, ikathibitishwa, ikauzwa kwa watu wa ng'ambo wanaotaka kufidia moshi wao. Fedha hiyo hurudi Gazi na Makongeni, ikaleta maji ya bomba na vitabu vya skuli. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliwapa Tuzo ya Ikweta. Mimi nimezoea kuona mipango ambayo uzuri wake huishia katika karatasi. Hapa niliuona mfereji, nikaufungua, maji yakatoka.

Tulivua viatu. Binti akaingia matopeni mpaka magotini pamoja na wanafunzi wawili, mmoja wa Nairobi na mmoja wa Ubelgiji, na mzee mmoja wa Gazi aliyeshika panga na kamba ya kupimia. Wanafunzi waliita miti kwa majina ya Kilatini, mzee akaita mkoko, mchu, mlilana, mkandaa, msinzi. Mpwa wangu aliyajua majina ya pande zote mbili. Walipofika penye mti wenye mizizi iliyojikunja kama miguu ya kaa, mwanafunzi mmoja akataka kupima unene wake kifuani kama ipimwavyo miti ya nchi kavu. Binti akamwambia, "Mkoko hupimwa juu ya mzizi wa mwisho, sentimita 30. Ukipima hapo umehesabu miguu." Mzee akageuka kunitazama. "Huyu binti ni wa nani?" Nikasema ni wangu, ni mpwa wangu. Akatikisa kichwa. "Wengine wote huja, hupima, huondoka. Huyu akiondoka tutajua pa kumfuata."

Nilikaa juu ya zile mbao, miguu ikining'inia, nikaanza kufanya hesabu upya. Nilipokuwa na umri wa miaka 24 nami niliandikiwa barua ya kwenda kusoma zaidi, nami nilichukua kiti cha ukarani kwa kuwa mshahara ulianza mwezi ule ule. Sijutii ukarani, umenilea. Lakini sikupata kwenda kupaona mahali pa pili kabla ya kujibu. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiweka akiba ya mabati ya nyumba yangu. Karo ya yule mdogo wa Kidato cha Tatu, na ya mwaka utakaofuata, nilipoiweka juu ya mabati, zililingana karibu sawasawa, na nyumba ikabaki bila paa.

Binti alirudi maji yalipoanza kujaa, ametapakaa matope mpaka mashavuni. Hakuniuliza neno. Nikamwuliza mimi, "Wale wa hotelini utawaandikia leo, au kesho?"

Akaketi. "Nitawaandikia nini, mjomba?"

"Uwashukuru. Walitupa maji na ukweli."

Alinyamaza muda mrefu akikwangua matope kwa ukucha. Kisha akasema atafanya kazi hotelini wakati wa Desemba ikiwa watamkubali kama kibarua, ili alipe sehemu ya karo ya ndugu yake, na kwamba nisije nikauza kitu. Nikamwambia kwamba sikuwa nimekusudia kuuza kitu, na huo ulikuwa ukweli, maana mabati sikuwa nimeyanunua bado.

Jioni, tukiwa Kombani tukingojea gari la kutupandisha Kwale, nilimpigia dada yangu simu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, ya kaboni na ya Umoja wa Mataifa, na yote yakanipotea. Nikamwambia tu kwamba binti anakwenda Gazi, na kwamba karo ya mdogo wake ni juu yangu mpaka amalize. Akanyamaza. Nikasikia mbuzi wake wakilia nyuma yake, na mtu akichota maji.

"Huko Gazi," akauliza hatimaye, "atalala wapi?"

Nikampa binti simu amweleze mwenyewe.